Makochi ya kwenye picha hayapiti vichochoro vya Lamu

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum wewe na wasomaji wote. Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini, hata hii naiandika kwa simu nimekaa kwenye ngazi ya kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, manake sebuleni vijana wanatazama mpira hakukaliki, lakini imenibidi. Kila mkitoa ule ukurasa wa mambo ya nyumba mwatuwekea sebule moja tu, ile ile, dirisha la kioo toka juu mpaka chini, kochi kubwa la rangi ya jivu limekaa katikati kama meli iliyotia nanga, meza ya kioo, zulia la manyoya, na tivi ukubwa wa mlango. Sisemi ni mbaya. Ni nzuri mashallah, na ndo kilichoniponza. Sisi watu wa Lamu tuna nyumba zetu vile zilivyo, na sijaona hata siku moja mtu akaandika vipi utapanga viti kwenye nyumba ya kae, yaani ya kale, yenye msana (chumba kirefu cha kukaa) mwembamba na ngazi ya kupanda ubavu ubavu. Basi ntaeleza yalonipata alafu mutanihurumia au mutanicheka, yote sawa.

Binti yangu mkubwa aliposwa mwaka jana tukapewa miezi mitatu ya kujitayarisha. Nyumba yetu iko mtaa wa Mkomani, ya mawe na chokaa, ya bibi yangu mzaa mama, na sisi twakaa juu. Miaka yote sebuleni tulikua na mikeka ya Matondoni, magodoro mawili ya kukalia chini na mito yake, na viti vinne vya kamba alivyoacha babu, basi. Sasa wakwe wanakuja na mimi nikaingiwa na haya. Nikajiona nyumba yangu tupu, nikaona nitasemwa. Hio haya ndo imenigharimu pesa zote izi ntakazozitaja hapa.

Nikapekua kwenye simu nikapata makochi ya watu saba, yaani la watatu, la wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja, velveti, rangi ya damu ya mzee, duka liko Mombasa na sitalitaja. Elfu 85, nusu dipoziti. Muuzaji akaniuliza mama sebule yako ni kubwa ama ndogo, nikamwambia kubwa. Na sikusema uongo, urefu wake karibu mita 7. Yeye hakuniuliza upana na mimi sikusema. Upana ni mita 2 na sentimita 60.

Asiyezijua nyumba zetu atasema hio si sebule ni korido. Lakini nyumba za mawe za Lamu karibu zote ndivyo zilivyo na sababu yake iko juu ya kichwa chako, tazama dari. Ile dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hata iwe nzuri vipi yavuka mita 2 na nusu, ukilazimisha sana itakaribia 3, zaidi ya hapo yaanza kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa ulioko juu yake. Basi wazee wakajenga vyumba virefu vyembamba kimoja nyuma ya chenzake, watoka dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, waingia kiwandani, msana wa tini (wa chini), msana wa yuu (wa juu), alafu ndani, na kila ukizidi kuingia sakafu yapanda kidogo. Ukiwa na msana wa tini na wa yuu na ukanunua kochi refu usishangae miguu miwili iko chini na miwili iko hewani. Hayo mimi niliyajua tangu utotoni, nimezaliwa mle, lakini siku ya kununua kochi akili yote ilikua kwenye picha.

Makochi yakafika Mokowe kwa lori siku ya Alhamisi jioni. Kwa wasioijua Lamu, gari laishia Mokowe, mbele ni maji, na kule kisiwani mjini gari ni za kuhesabu, za kazi maalum, sisi wengine ni punda na mkokoteni na mabega ya mahamali. Na siku hio maji yalikua yamekupwa, bamvua, mashua iko chini kabisa na ngazi za gati zimeota ukoko wa kijani, yakateremshwa moja moja vijana wanne huku mimi nimeziba macho. Alafu kila kitu na bei yake bana. Kushusha kwa lori bei yake, kuteremsha gatini bei yake, mashua, kupandisha ng'ambo ya pili, mkokoteni hadi mwanzo wa kichochoro, mahamali wa kichochoroni nao ni wengine. Usiku nilipopiga hesabu, kutoka Mokowe mpaka mlangoni zilikua zimeshakwenda elfu 11 na ushee, na kwenye kidaftari changu cha bajeti niliandika elfu 3.

Kichochoro chetu punda akipita na mashogi ya mchanga wewe wajibanza ukutani unavuta tumbo. Na kabla hujafika kwetu kuna kona. Kochi la watu watatu lina urefu wa mita 2 na sentimita 20, limeshonwa gumu halikunjiki, na ile kona haipitishi kitu cha hivyo kikiwa kimelala. Mahamali wakalisimamisha wima kama mlingoti, likaenda kugusa nyaya za stima, jirani akatoa kichwa dirishani anapiga kelele, "Nyinyi! Mwataka kutuzimia stima mtaa mzima!" Wakalilaza, wakalipindua, wakaligeuza kichwa chini, mtoto mmoja akasema ingekua kitanda cha maiti kingepita, akatandikwa kofi na mamake papo hapo. Mwisho likapita kwa kukwaruza ukuta wa watu, nikabaki mimi nafagia chokaa ya jirani nikiomba msamaha.

Mlangoni likagoma kabisa. Likalala dakani siku tatu. Wazee wakitoka msikitini baada ya Isha wakaligeuza baraza, na plastiki yake haijavuliwa, ukipita wasikia kwaru kwaru kila mtu akijisogeza. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, mbona wahangaika, liache papa hapa." Nikacheka lakini moyoni nalia.

Kuna aliyenishauri nivunje fremu ya mlango. Mlango wenyewe wa nakshi, umemuona bibi yangu akiingia bi arusi. Na mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, huamki tu asubuhi ukashika nyundo ukapanua mlango kwa ajili ya kochi. Na hata bila UNESCO, mamangu angenilaani.

Ikabidi nimuite fundi seremala, mtu mzima, kazi yake ni milango na vitanda. Akalizunguka lile kochi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniambia, "Mama, hili mbona halina mti?" Akalipindua akachana kitambaa cha tumboni. Mhariri, nilichokiona siwezi kusahau. Vijiti vya mbao laini nyeupe vimeshikanishwa kwa pini za stepla, vipande vya chipubodi, na mgongo mzima wa kochi umetandikwa katoni. Katoni! La mafuta ya kupikia, bado lina ule mshale wa kuonyesha upande wa juu, na mshale wenyewe waelekea chini. Fundi hakusema kitu, alinitazama tu. Na siku hio hio asubuhi, wallahi siongezi chumvi, alikuja mtu wa hoteli moja anataka viti vya babu vyote vinne, ataja bei nzuri tu, ati ni vya kuweka mapokezi wageni wapigie picha. Mimi nanunua katoni la velveti, yeye anataka viti vya babu vya mbao ya mbambakofi. Nashukuru nilikua nimeshughulika sikumjibu.

Basi fundi akakata mgongo ukatoka mbali na kikalio, akatia vyuma na boliti, tukaingiza vipande vipande na kuvivuta juu kwa kamba kupitia kiwandani kama watu wanaopandisha tanga.

Sasa njoo kwenye kupanga, hapa ndo nataka wenzangu munisikilize vizuri. Kochi moja kina chake, yaani kutoka mgongoni mpaka ukingo wa mbele, ni sentimita 95. Nikaweka la watatu ukuta huu na la wawili ukuta ule wakabiliane, ndo vile picha yasema. 95 na 95 ni 190. Toa kwenye 260, unabakiwa na 70. Hapo katikati nikaweka meza yenye upana wa 60. Zilizobaki ni sentimita 10 Mhariri, tano huku na tano kule, magoti ya wageni yakisalimiana kabla ya wenyewe. Ukitaka kupita na chai lazima wote wapande miguu juu. Kwa kawaida mtu kupita bila kujibana ataka kama sentimita 75 mpaka 90, na kati ya kochi na meza acha 40 au 45, ndo mkono ufikie kikombe bila kuinuka na goti lisigonge. Hesabu ya darasa la tatu, na mimi niliifanya baada ya kulipa.

Nikajaribu la pili, yote ukuta mmoja kwa mstari. Yanaenea, urefu upo. Lakini tukikaa tunakua kama abiria wa mashua, kila mtu atazama mbele, ukitaka kusema na alieko mwisho upige kelele. Alafu yakaziba zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Kwenye ukuta ule bibi alikua na zidaka zake za chokaa zilizochongwa, mlimokua na sahani za kichina na mabakuli, ukiingia tu jicho laenda pale. Sasa ukiingia jicho laenda kwenye mgongo wa velveti na juu yake vinachungulia vichwa vya sahani.

Shangazi yangu akaja kutoka Faza kutusaidia na arusi, mtu wa miaka sabiini na kitu. Nikamkaribisha kochini kwa fahari. Akakaa, kochi likammeza. Kikalio ni kirefu kwenda nyuma, akiegemea miguu yaning'inia kama mtoto, akiweka miguu chini mgongo hauna pa kuegemea. Akavumilia kikombe kimoja cha chai, alafu akaniambia, "Mwanangu niinue." Tukamuinua wawili. Akateremka chini kwenye mkeka akaegemea mto, akashusha pumzi, "Haya, sasa nimefika." Tangu siku hio nikimuona mtu anauza kiti namuuliza kwanza kikalio kina kina gani na kiko juu kiasi gani. Mtu mzima mwenye magoti mabovu amfaa kiti cha kama sentimita 45 kutoka chini, mgongo ulionyooka, na mahali pa kushika mikono akiinuka. Vile viti vya babu vya kamba ndivyo vilivyo, sikuvipima mpaka juzi, na kamba yapitisha upepo haikutoi jasho mgongoni.

Jambo la jasho na unyevu nalo. Mwezi wa Mei, mvua za masika na kusi imeanza kuvuma, sebule yangu ikaanza kunuka uvundo. Nikavuta kochi, nyuma kote kumejaa unga wa chokaa na ukungu wa kijani. Kuta zetu za matumbawe na chokaa zavuta unyevu na kuutoa, zahitaji hewa, ukizigandamiza na kitambaa na sponji ndo umezifunga pua. Acheni angalau vidole vinne kati ya kiti na ukuta. Na chipubodi kwa hewa ya chumvi usijaribu, yavimba kama mkate uliotiwa chai, wolyuniti (kabati la sebuleni) ya rafiki yangu milango haifungi tena. Na ile ngozi ya bandia ndo kabisa, mwaka mmoja yachunika kama mtu aliyeungua na jua. Ukweli wa pwani ni mbambakofi, mvule, msaji, kama mfuko waruhusu, na vyuma viwe vya kutopata kutu.

Arusi ikafika. Siku ya karamu ya wanawake nina masinia ya pilau na hakuna pa kuyaweka. Kochi limekaa! Nikatuma watu wayatoe yote yapelekwe kwa jirani wa ng'ambo, mahamali tena, boliti tena, kamba tena. Ilipobaki sakafu tukatandika mikeka. Sasa tazama kitu ambacho sikuwahi kukitia akilini umri wangu wote. Sinia moja lakaliwa na watu watano au sita, wakikaa duara lao ni mita 2 na kidogo. Msana wangu ni mita 2 na 60. Masinia yalikaa mstari mmoja kama yaliyopimwa, watu migongo karibu na ukuta, na kati ya sinia na sinia mtu apita na birika na beseni la kunawia. Miaka yote mimi naona nyumba yangu tupu kumbe tupu ile ndo kazi yake. Arusi, hitma, kisomo, msiba, vyote vyataka sakafu. Na mwezi wa Maulidi pale msikiti wa Riyadha wageni wanaposhuka kila upande, mimi mwenyewe nalaza watu kumi mle msanani, wa Mombasa, wa Tanga, nani atawalaza kwenye kochi la watu watatu?

Na kuna swala pia. Kwetu Lamu kibla ni karibu kaskazini kabisa, na ukuta wa kaskazini ndo nilikua nimeweka tivi kwa sababu soketi iko pale. Watoto wakisali ni kama wasujudia mtangazaji wa habari. Mume wangu hakusema kitu, alichukua tivi kimya kimya akaihamisha, akanunua waya mrefu.

Aliyenipa akili ni mwanangu wa kiume, yuko sekondari. Baada ya arusi makochi bado yako kwa jirani na jirani ameanza kuguna, kijana akachukua magazeti ya zamani, Mhariri yenu pia yalikuemo, akayaunga kwa seloteipu kwa vipimo vya kila kiti, kochi la watatu gazeti lake, meza gazeti lake, akayatandaza sebuleni kote. "Mama, pita." Nikapita. Nikakanyaga meza. "Haya nenda ufungue dirisha." Nikakanyaga kochi la wawili. Tukayaacha siku mbili chini hivyo hivyo tukiishi juu yake, kila gazeti lililochanika kwa kukanyagwa tukajua hapo kiti hakina mahali. Magazeti yaliyosalimika ndo yakawa ramani ya fundi. Kama kuna kitu kimoja cha kuchapisha kwenye barua hii Mhariri chapisha hicho, ni bure na gazeti mtu analo.

La pili kabla hujanunua, usiipime sebule tu, pima njia. Kata ufito wa urefu wa kochi mpe mtoto autembeze kutoka ufukoni mpaka sebuleni, kila kona, kila mlango, ngazi mpaka juu. Ukigota mahali, muuzaji mwambie asante. Au mwambie alete la kufunguka, vipande.

Sasa hivi nimepanga hivi. Fundi yule yule amenitengenezea mabenchi matatu ya mbambakofi, kina sentimita 60 tu, yamefungwa kwa vigingi vya mti, ukivichomoa benchi latoka vipande na mtoto wa miaka kumi na mbili apanda nalo ngazi. Mawili yako upande usio na zidaka, moja limefunga upande mfupi wa chumba, yakafanya kama herufi ya eli. Upande wa zidaka nimeweka magodoro ya chini na mito, hayapandi juu kuziba kitu, na alieko chini na alieko benchini wakabiliana wazungumza vizuri. Katikati imebaki mita 1 na sentimita 30 hivi. Meza ya katikati nimeifuta kabisa, nina stuli ndogo nne, mgeni akija kila mmoja awekewa yake karibu na mkono, akiondoka zapangwa moja juu ya nyingine kwenye kona. Viti vya babu viwili viko kule mwisho karibu na uwazi wa kiwandani kwenye upepo kwa ajili ya wazee, viwili viko ndani. Tivi iko ukuta mfupi wa kusini. Usiiweke kukabili uwazi wa kiwandani utajiona mwenyewe badala ya habari. Mabenchi yote matatu elfu 48.

Nisiwadanganye, si kila kitu kiko sawa. Benchi ni gumu, hata na godoro ni gumu, vijana wakitazama mpira dakika tisiini wanalalamika, na mume wangu mpaka leo akichoka asema lile kochi lilikua raha. Ni kweli, lilikua raha ukilala. Na sisemi kila mtu wa Lamu afanye kama mimi. Wenzetu wa Wiyoni na Kashmir waliojenga nyumba mpya za saruji vyumba vyao ni vipana na njia zao ni pana, na wakae makochini kwa raha zao. Hata lile la watu watatu nilimuuzia mdogo wangu yuko Malindi kwa bei ya hasara, kwake pikapu yafika mpaka mlangoni, sebule mita 4 na nusu kwa 5, akalivuta mbali na ukuta akalikabilisha na yale mawili ya mtu mmoja, zulia katikati, mkimuona mutasema ndo ile sebule ya gazetini kwenu. Lakini nilimwambia kuhusu katoni, dada hadanganyi dada.

Ombi langu ni dogo tu. Mkiweka picha ya sebule, chini yake andikeni chumba kina upana gani na kochi lina kina gani. Na siku moja mtume mpiga picha apige msana wa nyumba ya kae ukiwa umepangwa kwa kuishi, si kwa hoteli, hoteli twaziona sana, kile kiti cha enzi kimoja kimewekwa pekee na taa yamulika juu yake hata kukikalia mtu aogopa.

Limebaki lile la watu wawili. Mdogo wangu hakulitaka na jirani alilitoa nje mwenyewe, kwa hivyo liko dakani kwetu, wazee hulikalia kila baada ya Isha na sasa wameleta na kimeza cha kahawa. Plastiki nimewavulia. Alitakae namuachia bei ya kutupa, ila aje na mahamali wake na ajue mlango wake una upana gani, mimi kile kichochoro siongozani na kochi tena.

Wenu,
Mama wa watoto watatu,
Mkomani, Lamu